Kidole cha Yaya

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja: huyu mama akiondoka na mtoto wangu, nitamtafuta wapi?

Nilikuwa nimelala kwa ubavu, mwanangu wa miezi minane ananyonya huku amesinzia. Asubuhi ningeanza kazi kwenye depo ya dawa huko Katindo, nusu siku, saa moja na nusu hadi saa saba mchana, mwezi mmoja wa majaribio. Tangu nimalize chuo nilikuwa nimepeleka barua kila mahali penye mlango, na hii ndiyo ya kwanza kujibiwa. Baba wa mtoto alikuwa amekwama Kinshasa tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe. Alituma alichopata, siku alipopata. Mama yangu alishafariki. Nisipokuwa na mtu wa kumshika mtoto, kazi ingekwenda kwa mwingine, na sikuwa na barua nyingine inayosubiri jibu.

Kutafuta yaya kulinichukua wiki mbili. Goma watu wanaelewa yaya wa kulala: unampa kitanda, sahani yake, na nauli ya kwenda kwao sikukuu. Mimi nilikuwa na chumba kimoja cha mbao Katoyi na kitanda kimoja. Msichana wa kwanza alitaka mshahara wa siku nzima, pikipiki ya kuja na kurudi, na chakula cha mchana. Ningempa mshahara wangu wote, kisha nikope sabuni. Wa pili alitazama chumba, akauliza televisheni iko wapi, akaaga kwa adabu.

Nilimweleza jirani yangu, mama anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, mbele ya uzio wetu. Alicheka hadi akaweka kopo lake la kupimia chini.

"Nusu siku! Wee mama wa diplome, unataka mutu wa kukatakata kama kipande ya sabuni?"

"Mama, sina njia ingine."

"Basi usilie. Kuko mama moja wa Masisi, anaishi Ndosho, ananunuaka makala kwangu. Mangaribi anauzishaka ndizi, asubui iko bure. Nitamuambia. Lakini usimusumbue na Kifaransa yako."

Alikuja Jumamosi, mwanamke wa umri wa mama yangu, amevaa kandambili na kitenge kilichopauka. Hakuanza na pesa. Alinawa mikono kwenye bidoni la maji, akampokea mtoto, akamnusa kichwani.

"Analalaka ku mugongo ao ku kitanda?"

"Kitandani, mama."

"Tutaona."

Akamfunga mgongoni. Sikuwa nimemaliza kueleza namna ya kupika uji wake wa masoso, ule unga wa mtama, soya na mahindi, mtoto akawa amelala mdomo wazi. Tulipatana upesi: atalipwa kila Jumamosi, atakunywa chai na uji kwangu, atatembea kwa miguu kutoka Ndosho. Malipo yake yalikuwa chini kidogo ya nusu ya mshahara wangu. Nilipaswa kushukuru na kunyamaza.

Lakini usiku ule wa kuamkia kazi, swali lile halikunyamaza. Niliamka, nikawasha taa ya simu, nikaandika mkataba wa kurasa mbili kwa Kifaransa, kama tulivyofundishwa. Ulikuwa na vifungu vinane. Cha tano kilisema mfanyakazi atajibu mbele ya sheria kwa upotevu au madhara yoyote. Penye anwani niliandika "Ndosho", nikaona aibu kwamba ndiyo yote niliyoijua, nikaacha hivyo hivyo.

Jumatatu asubuhi nilimsomea, nikitafsiri haraka haraka kwa sababu saa ilikuwa inakimbia. Alisikiliza amesimama, mtoto mgongoni. Nilipaka kidole gumba chake wino wa kalamu, akakibandika chini ya ukurasa, kisha akakitazama kidole kile muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Niliporudi mchana mtoto alikuwa ameoga na nepi zilikuwa kwenye kamba. Shati lake lililokosa kifungo kwa mwezi mzima lilikuwa na kifungo.

Jumanne hakuja.

Nilisubiri hadi saa mbili. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda kazini nimechelewa, na jasho likichanganyika na maziwa kifuani. Mkuu wangu hakupandisha sauti.

"Madame, hapa ni depo ya dawa, haiko krechi ya watoto. Kesho ukuje na mikono yako yote mbili. Kama haiwezekani, usijisumbue kukuya."

Njiani kurudi, na hata nilipofika nyumbani, nilifikiria kila kitu ambacho kichwa changu kinaweza kufikiria. Ameiba: nikahesabu nguo za mtoto, zote zilikuwepo, na kifungo cha zaidi. Amegongwa na pikipiki. Mtoto ana ugonjwa ambao yeye ameuona na mimi sikuuona. Nikamvua, nikamkagua kidole kwa kidole hadi akalia. Nikalia naye, nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango.

Mama wa makala alitusikia, akaingia bila kubisha.

"Ulimuwekesha kidole ku karatasi?"

"Ni mkataba tu, mama. Wa kumlinda hata yeye."

"Wa kumulinda!" Hakucheka safari hii. "Bwana yake aliweka kidole ku PV ya polisi, kule Masisi, juu ya ng'ombe ya mutu ilipotea. Hakuiba. Walimuambia weka kidole, utaenda kwako. Mwezi haikuisha, ng'ombe zao mbili zikachukuliwa, na karatasi njo ilisema alikubali. Sasa wewe unamusomea Kifaransa, unasema sheria, sheria. Leo nilimukuta ku soko, amesema: huyu mutoto akikohoa tu, nitafungwa."

Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa mazuri. Lakini niliona kidole kile cha bluu, na jinsi alivyokitazama.

"Anaishi wapi hasa?"

"Nyuma ya mashini ya kusaga, nyumba ya mabati ya zamani. Ungeniuliza tangu Jumamosi."

Jumatano saa kumi na mbili nilikuwa barabarani, mtoto mgongoni, chakula chake kwenye mfuko begani, mkataba mfukoni. Ndosho nilitembea juu ya mawe ya volkano kama mtu anayevuka moto, nikiogopa kuanguka naye. Nilimkuta mlangoni anapuliza mbabula, jiko lake dogo, makala yakianza kushika. Aliponiona alisimama, akaficha mikono chini ya kitenge.

"Mama, unisamehe," nilisema. "Niliogopa."

"Hata mimi."

Nilitoa karatasi. Akarudi nyuma hatua moja. Nikainama, nikaiweka kwenye mbabula, ikajikunja na kuwaka, vifungu vyote vinane. Akaweka sufuria ya chai juu yake.

"Mimi nilikupatia mugongo yangu," alisema, "wewe ukaomba kidole. Haukuniuliza hata ninalalaka wapi."

Akasukuma mlango.

"Njoo uangalie."

Alinionyesha yote: kitanda cha mbao, turubai lililoziba dari, ndoo ya maji yenye kifuniko, ndizi za kuuza jioni zimefunikwa gunia. Alimwita jirani wa kushoto, na wa kulia, akawaambia mimi ni nani na mtoto ni wa nani, nao wakanisalimu.

"Sasa unajua fasi ya kunitafuta."

Ilikuwa imefika saa moja na dakika kumi. Kurudi Katoyi na kuwahi Katindo haikuwezekana. Nilitazama mbabula jinsi ilivyokaa karibu na mlango, mawe makali uani, ndoo ile ambayo sikujua maji yake yametoka wapi. Kichwa kilianza kazi yake. Nikakiacha kiseme, mikono yangu ikafungua kitenge.

"Maziwa niliyokamua iko ndani ya chupa. Unga wa masoso uko kwenye mfuko. Nitakuya saa saba."

"Peleka mbabula nyuma ya nyumba," alimwambia jirani, kana kwamba amesikia mawazo yangu, akampokea mtoto.

Mtoto alipiga kelele nilipopita mashini. Kifua kikalowa. Sikugeuka. Nilisimamisha pikipiki, nikapanda, nikasema Katindo.