Skrubu Ndefu kwenye Bastola ya Ndugu Kasongo

Ipo Ijumaa moja ya mwaka 2018, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la mahindi. Wewe unaanza kazi ya mikono wiki hii, kwa hiyo kaa hapa nikusimulie ya ujana wangu kazini. Aibu yangu sitakuficha, ila usianze kucheka mapema.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Najua unajiuliza huo ni ujana wa wapi. Haya, kwa umri nilikuwa mtu mzima mwenye kitambi, lakini katika kazi nilikuwa mtoto wa miezi minane. Kwetu Kalemie nilikuwa seremala, na baba yangu seremala, na nilipofika Johannesburg nikatengeneza makabati ya jikoni mpaka wateja wakaisha. Ndipo Mzee Mbwana akanichukua. Yeye alikuwa fundi wa silaha mwenye duka lake pale Turffontein, mtu wa Tanga aliyekaa huku miaka mingi hadi akapata uraia na leseni zote za ufundi. Siku ya kwanza alinipa sharti moja tu: bastola yoyote niliyoigusa isitoke dukani kabla yeye hajaipitia.

Miaka ile ndiyo vile vioo vya nukta nyekundu vilikuwa vimeanza kupendwa. Ni kioo kidogo kinachokaa juu ya bastola. Ukichungulia ndani unaona nukta nyekundu, unaiweka juu ya shabaha, basi. Watu ambao macho yalikuwa yameanza kuwachoka walivipenda sana, kwa sababu ile alama ya chuma ya mbele walikuwa hawaioni tena. Lakini kioo hakikai juu ya bastola hivihivi. Katikati yake panawekwa bamba la chuma, na bamba hilo halichaguliwi kwa macho. Bastola inakuja na mabamba kadhaa kwenye kiboksi, kila moja na matundu yake na vijiti vyake, na kila kioo kina bamba lake. Ukilazimisha, kioo kitacheza baada ya risasi ishirini na nukta itakwenda inakotaka.

Nikwambie ukweli, kuchagua bamba nilikuwa nimeshaweza, tena nilijisikia. Nilikuwa naliweka mahali pake, naiinua bastola dirishani, na kama mwanga unapita chini ya bamba, silikubali. Nafuta mafuta kwa spiriti, natia tone moja la gundi kwenye skrubu, nakaza kwa ile bisibisi inayopima nguvu mpaka ilie. Mzee alinisifu mara mbili, na mtu kama yeye kukusifu mara mbili kwa miezi minane si jambo dogo. Akaanza kunilegezea kamba.

Sasa Ijumaa ile alikwenda kuswali, akaniachia bastola mbili mezani, zote tupu na zote za aina moja. Ya kwanza ilikuwa ya Ndugu Kasongo. Huyo alikuwa Mkongomani mwenzangu, tunaimba kwaya moja kanisani, na kazi yake ilikuwa kusindikiza magari ya mizigo akiwa na bastola kiunoni. Watu wa kazi yake walikuwa wanavamiwa barabarani mchana kweupe. Alikuwa ametimiza hamsini, macho yanamsumbua, ndiyo maana akataka kioo.

Nikachukua bamba lake. Skrubu za kulishikilia bamba zilikuwa mbili, fupi mno, fupi kuliko punje ya mchele. Nikaziangalia nikacheka peke yangu. Seremala gani ataamini kitu hicho? Maisha yangu yote nilijua kwamba skrubu ndefu ndiyo inayoshika, na ukiweka fupi mlango wa kabati utakuangukia mguuni. Kwenye mkebe wangu nilikuwa na nyingine za unene uleule, zimezidi urefu kidogo tu, kama mizunguko miwili. Nikasema moyoni, hebu nimfanyie ndugu yangu kazi ya kudumu. Nikaweka hizo, na zikaingia vizuri kabisa.

Saa saba na nusu Kasongo akaingia, sare imepigwa pasi, jasho linamtoka.

"Ndugu yangu, iko tayari?"

"Iko tayari, lakini mzee hajaipitia. Nusu saa tu atakuwa amerudi."

"Eish, nusu saa nitaitoa wapi? Gari linaondoka saa kumi, na mimi lazima niwe pale mapema. Weye ndiye umeifunga, ama?"

"Ni mimi."

"Basi mimi na weye tunasali pamoja. Nikuamini nani kama si weye?"

Mwanangu, maneno hayo yalinimaliza. Ungekuja huku ugenini ukubwani ungeelewa. Mtu wa kwenu akikwambia hivyo, kumkatalia unaona kama unamtukana mama yake. Nikaangalia leseni yake, nikampa bastola na nikampa na mkono. Akasema "sharp", yaani sawa, na kutoka. Hata zile risasi bandia za plastiki, ambazo Mzee alinifundisha kuzipitisha mara kumi kwenye kila bastola ili kuona kama zinaingia na kutoka, sikuzipitisha. Nilikuwa na haraka ya kumfurahisha mtu.

Nikashika bastola ya pili, nikaweka skrubu ndefu vilevile. Hii haikuwa na mtu wa kuisubiri, kwa hiyo nikachukua risasi bandia nikazipitisha. Ya kwanza iliingia. Nikavuta slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, ili risasi itoke. Haikutoka. Nikarudia, haikutoka. Nikafungua skrubu za bamba, nikavuta tena, risasi ikaruka mpaka sakafuni. Hapo nikaelewa. Chini ya tundu la kulia panapita kijiti kinachousukuma ukucha wa bastola, ule unaovuta ganda. Mizunguko yangu miwili ya ziada ilikuwa imekikandamiza kijiti kile, ukucha haushiki kitu. Bastola ya Kasongo ingepiga risasi moja, halafu ingeganda mkononi mwake.

Nikakaa kwenye stuli. Na sasa sikiliza nilichofanya, maana hapa ndipo penye aibu yenyewe. Sikuwaza kumwambia Mzee. Niliwaza kumpigia Kasongo arudi kimyakimya, nimbadilishie skrubu, na habari iishie kwetu wawili. Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikapiga mara ya pili na ya tatu. Ya nne ilikuwa sikioni mwangu Mzee Mbwana alipoingia, kofia yake mkononi, akaiona meza, akaziona skrubu, akaona kwamba bastola ya kwanza haipo.

Aliiweka kofia mezani. Alisimama tu akingoja. Nikaweka simu chini nikamwambia yote, kuanzia skrubu mpaka kwaya. Nikawa nachanganya Kiswahili na Kifaransa.

"Anaanza kazi saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa kumi."

"Chukua funguo za gari."

Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, robot zote, hizi taa za barabarani, zimezimika, na kila njia panda magari yanavutana nani apite kwanza. Mzee aliendesha taratibu kama anapeleka mayai sokoni. Nilitaka kumpigia kelele. Nilikuwa namwona Kasongo kila nikifumba macho, yuko barabarani, anavuta kifyatulio na hakuna kinachotokea. Nilikuwa namwona mkewe pia, maana anakaa kiti cha mbele kanisani, na nilijiuliza nitaketi wapi Jumapili.

Tulimkuta kwenye geti la yadi ya mizigo, amekaa juu ya kreti, anakula magwinya, haya mandazi makubwa ya huku, mafuta yanamtiririka vidoleni. Simu yake ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la walinzi kama sheria yao inavyotaka. Mwanangu, nilipomwona anatafuna, machozi yalinitoka palepale. Sikujali nani ananiangalia.

Mzee akamwomba waende kwenye pipa la mchanga, pale walinzi wanapotolea risasi. Kasongo akaitoa risasi bastola yake, Mzee akatia ile ya bandia na kumwambia avute mwenyewe. Akavuta. Risasi ikabaki ndani. Akavuta tena, ikabaki ndani. Kasongo akanigeukia.

"Ningekufa na hii," akasema.

"Nimekosa, ndugu yangu," nikamjibu.

Msimamizi wao alimpanga mwenzake kwenye safari ile, sisi tukarudi dukani na Kasongo. Mzee alinisimamia, nikaweka skrubu fupi, nikachora mstari mwembamba wa rangi juu ya kila moja ili ionekane ikilegea, nikapitisha risasi bandia mara kumi, zote zikatoka. Gundi ilipokauka tukaenda uwanja wa shabaha, Kasongo akapiga risasi hamsini. Kila ganda lilipoanguka mimi nilikuwa nahesabu kwa midomo. La hamsini lilipogusa sakafu nilicheka kwa sauti, na Kasongo akacheka pia, akanipiga kofi la mgongo ambalo nadhani lilikuwa na hasira kidogo ndani yake. Nilistahili.

Tulipobaki wawili Mzee Mbwana ndipo akasema. Nami nilikuwa tayari kusikia habari za skrubu.

"Skrubu nakusamehe," akaniambia. "Ulitoka kwenye mbao, na chuma si mbao, sasa unajua. Lakini nilikukuta na simu sikioni. Ulikuwa unanitafuta mimi?"

"Hapana, mzee. Nilikuwa namtafuta yeye."

"Angepokea, mimi ningejua lini?"

Nikaufunga mkebe wangu wa skrubu. Jibu tulikuwa nalo sote wawili.

Kwa hiyo usifikiri nashusha pumzi kwa sababu tulimwahi Kasongo. Kwa hilo namshukuru Mungu kila siku, naam. Lakini nafuu kubwa zaidi ni kwamba hakupokea simu. Angepokea, ningelirekebisha kosa gizani na kutoka nimejifunza kuficha, na kosa la pili lingenikuta nimeshazoea. Na katika kazi ile, la pili lingemzika mtu.

Basi mwanangu, shika haya. Ukipewa kipimo kinachokuchekesha kwa udogo wake, kiheshimu, maana aliyekipima alikiona usichokiona wewe. Mtu wa kwenu akikubembeleza uruke hatua, mpende kwa kumkatalia, hata akinuna mlangoni. Na ukikosea, mtu wa kwanza kumwambia awe yule unayemwogopa, kabla hujagusa simu. Utatetemeka, nami nilitetemeka, halafu usiku utalala.

Mungu aitulize mikono yako, akupe mkubwa wa kazi anayeuliza swali moja tu, na kila uliyemhudumia umkute amekaa salama, anakula, mafuta vidoleni. Amina.