Mwangwi wa Ghala na Sauti ya Atupele

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa mashine. Tajiri alinipeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya duka lake la kanda, Kyela mjini, akafunga mlango na kuniambia nipige makofi mara moja.

"Umesikia nini?" akauliza.

"Makofi yangu, Tajiri."

"Na baada ya makofi?"

Nilisikiliza tena. Kuta zilikuwa zimefunikwa kwa magodoro ya zamani na trei za mayai, na sauti ilikuwa imekufa palepale ilipozaliwa. "Hakuna kitu," nikasema.

"Vizuri, binti yangu. Nimehangaika sana mpaka pasiwe na kitu."

Wafanyakazi wote tulimwita Tajiri, ingawa utajiri wenyewe ulikuwa duka moja na redio nyingi. Babu yake alitoka Pwani na mitumba ya vitambaa, akaoa na kuzeeka hapa. Tajiri mwenyewe alisema Kiswahili cha mwambao, na alipotaka kupunguziwa bei sokoni alihamia Kinyakyusa. Mimi ni Tupokigwe, mtoto wa wakulima wa mpunga wa Busale. Nilikuja dukani kwake kuuza kanda, nikabaki kuzirekodi, na kazi hiyo nikaifanya hadi nilipostaafu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Bidhaa zilizokuwa adimu zilijaa madukani, na redio kaseti ziliingia hata kwenye nyumba ambazo hazikuwa na meza ya kuziweka. Kila kwaya ya bondeni ilitaka kanda yake. Kazi yangu asubuhi ilikuwa kusafisha hedi, yaani kile kichwa cha chuma kinachosoma kanda, kwa pamba na spiriti. Nikimaliza hapo, natega maikrofoni.

Sauti iliyorekodiwa katika kile chumba cha magodoro tuliiita kavu. Haina mwangwi, haina mahali. Ukiisikiliza unamsikia mwimbaji kana kwamba ameweka mdomo sikioni mwako, na watu wengi hawaipendi. Huwafanya wajione uchi. Kwa hiyo sauti kavu ilipaswa kupewa mwangwi, na mwangwi wa kwanza nilioujua ulikuwa wa ghala.

Ghala lile la ushirika lilikuwa kwenye njia ya kwenda Ipinda. Nilipokuwa mdogo, mpunga wote wa kwetu uliishia humo. Kisha wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakanunua hukohuko mashambani, na ghala likabaki tupu. Kuta za tofali, sakafu ya saruji, bati juu sana. Tajiri alizungumza na mlinzi, tukaingia na mashine yetu ya njia nne, ambayo iliweza kuweka sauti nne mbalimbali kwenye kanda moja.

Siwezi kuwaeleza vijana jinsi kwaya ilivyosikika mle ndani. Waimbaji walinyamaza, lakini wimbo uliendelea kuelea huko juu, ukitafuta pa kutokea. Ule mwisho wa sauti unaobaki hewani tuliuita mkia. Tulisimama wote tukiutazama mkia ukiondoka, kama watu wanaotazama wadudu wa ziwani wanapopanda juu ya maji mfano wa moshi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukohoa.

Ila ghala lilikuwa na kiburi chake. Mvua za kwetu mnazijua. Zikianza, bati linanguruma na kazi inakufa. Tukakaa tukisubiri, ukungu ukiifuta Milima ya Livingstone na kuirudisha. Ndipo Tajiri akaagiza kutoka Dar es Salaam kisanduku cha mwangwi, chuma cheusi chenye vitufe vya kuzungusha. Ukizungusha huku unapata ukumbi, ukizungusha kule unapata bamba, yaani mwangwi unaoiga sauti ya karatasi kubwa ya chuma inayotetemeka. Tajiri alikipenda. Mimi nilisikia ndani yake mlio mwembamba kama wa kijiko, lakini kilituvusha masika mengi, nami nakishukuru.

Duka lilipogeuzwa kuwa la simu, Tajiri aliniombea kazi kwenye kituo kipya cha kurekodi huko Matema, ufukweni. Bosi wangu wa pili alikuwa Mkurugenzi, mtu mpole aliyesomea umeme wa sauti ng'ambo. Yeye ndiye aliyenionyesha kompyuta ya kurekodi. Aliiwasha, akanionyesha orodha ndefu kwenye kioo.

"Humu mna makanisa, kumbi, mapango," alisema. "Chagua utakacho. Mvua inyeshe, isinyeshe, sisi tunafanya kazi."

Niliijaribu kwa mashaka, na nikaona kwamba ni kitu kizuri. Jambo moja hasa lilinishangaza. Kwenye mashine ya Tajiri, ukishaunganisha mwangwi na sauti, umeshaunganisha, hautoki tena. Kompyuta iliuweka mwangwi kama shuka juu ya kitanda. Ukiuondoa, sauti kavu ipo chini yake, haijaguswa.

Kituoni hapo ndipo nilipomrekodi Atupele.

Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kwaya moja ya Ndandalo, msichana mrefu asiyependa kutazamwa akiimba. Mwalimu wa kwaya alimleta peke yake, aimbe wimbo wao mkubwa kavu, bila ala, ili wenzake wautumie kujifunza. Kazi ya namna hiyo tunaiita sauti ya mwongozo, ikishatumika hufutwa. Aliimba akinipa mgongo, ameegemeza kiganja ukutani. Alipomaliza aliuliza, "Dada Tupo, nimefaa?" Nikamwambia amefaa. Akacheka, akaenda kunawa miguu ziwani kabla ya kuondoka.

Masika ya mwaka huo homa ilimchukua. Habari ilitufikia akiwa ameshazikwa.

Mwalimu wa kwaya alikuja baada ya matanga, amekonda. Alitaka sauti ya Atupele iwe kwenye kanda. Wazee wa kwaya walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema sauti ya marehemu haiuzwi sokoni pamoja na vitunguu. Mwishowe walikubaliana kwamba mama yake ndiye atakayeamua. Akikataa, Mkurugenzi ataifuta, na mwimbaji mwingine ataimba.

"Basi tumwandalie kitu kizuri asikilize," Mkurugenzi akaniambia. "Tusimpe sauti tupu. Ataumia bure."

Tulitayarisha namna tatu. Ya kwanza Mkurugenzi aliitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta, kanisa kubwa la mawe, mkia mrefu, na ilikuwa nzuri kweli. Ya pili tuliipitisha kwenye kisanduku cheusi, ambacho Tajiri alituazima. Ya tatu niliomba niifanye mimi. Jua lilipopatikana nilikwenda ghalani na kwaya yote. Niliweka spika katikati ya sakafu, nikacheza sauti ya Atupele, na maikrofoni mwisho wa ghala ikanasa jinsi kuta zilivyomjibu. Kwaya ilisimama kimya pembeni. Baadhi yao walikuwa hawajamsikia tangu mazishi. Sauti ilipanda kwenye bati, ikakaa huko, na dada mmoja wa sauti ya pili akaketi chini, akajifunika kanga usoni.

Kisha wakaimba wao. Mwalimu alivaa vipokea sauti masikioni ili amsikie Atupele, akawaongoza kwa mikono kumfuata. Walimfuata mtu ambaye mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa akimsikia. Mpaka leo sijarekodi kwaya iliyoimba vile.

Mama Atupele alikuja Matema na mwalimu. Ziwa lilikuwa limetulia siku hiyo, jeupe hadi upande wa Malawi. Nilimwamkia, "Mugonile, mama," akaitikia kwa sauti ndogo, akakaa kwenye kiti tulichomwekea mbele ya spika.

Tukampigia kanisa la mawe. Akasikiliza, mikono mapajani. Tukampigia kisanduku. Tukampigia ghala, na hapo mimi nilikuwa na hakika. Wimbo ulipokwisha akanitazama.

"Mwanangu, hizi ni nzuri. Lakini huyu mnayemweka huku yuko mbali. Kila mkipiga nyingine yuko mbali zaidi. Mwenyewe yuko wapi?"

Mkurugenzi alianza kueleza kwa upole habari za mwangwi, akaacha katikati. Nikaondoa kila kitu kwenye kioo, nikabakiza sauti kavu. Kabla ya neno la kwanza, Atupele alivuta pumzi. Sisi mafundi huwa tunazikata pumzi hizo. Hii tulikuwa hatujaikata.

Mama akainua kidole, kama mtu anayewanyamazisha wengine sebuleni kwake.

"Huyo," alisema. "Ndivyo alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya kuniita."

Akasikiliza hadi mwisho, machozi yakishuka bila kuyafuta. Halafu akasema, "Mkimwacha hivi, akiwa karibu, mimi nakubali. Wenzake waimbe huko kwao, lakini yeye mmwache karibu. Ndaga, asante, mwanangu."

Walipoondoka, Mkurugenzi alizunguka chumba. "Kiongozi kavu na kwaya ghalani? Hawatakaa mahali pamoja, Tupo. Wasikilizaji watadhani tumesahau kumaliza kazi."

"Hawako mahali pamoja, Mkurugenzi," nikamjibu.

Alisimama. Akavuta kiti, akakaa kando yangu, tukachanganya wimbo ule pamoja mpaka jioni. Kwaya tuliiweka mbali, ndani ya ghala, na mkia wote. Atupele tulimweka mbele, bila shuka.

Kanda ilipotoka, nilipita sokoni Kyela nione. Muuza mchele mmoja alikuwa akiicheza kwenye redio yake. Mwanamke aliyekuwa akichagua mchele aligeuka ghafla kutazama nyuma yake, kama mtu aliyeitwa, akaona hakuna mtu. Akabaki amesimama na mchele mkononi hadi wimbo ukaisha. Wazee wa kwaya waliokuwa wamekataa waliinunua pia.

Muda si mrefu mnunuzi wa kakao alilikodi ghala, akalijaza magunia mpaka karibu na bati. Niliingia mara moja nikapiga makofi. Magunia hunywa sauti. Hapakuwa na mwangwi tena. Sikuhuzunika sana. Lilijengwa kwa ajili ya mazao.

Mimi sasa nimestaafu, nakaa Katumba Songwe, upande wa mto. Vijana wa studio huniuliza ni mwangwi upi bora, wa kompyuta, wa kisanduku, au wa mahali penyewe. Nawaambia nimeitumia yote mitatu na yote imenilisha. Wakati wa kuchagua, wamwulize mwenye wimbo anataka mtu wake awe mbali kiasi gani. Wengine huona nimewakwepa.

Masikio yangu yamechoka. Sauti nyembamba zimeniacha moja moja, ndege kwanza, kisha vyura wa mashamba ya mpunga, na mikia ya sauti siipati kabisa. Wanangu hunipigia kelele kutoka uani, nami nasikia mngurumo tu. Mjukuu wangu wa mwisho ameshajua dawa. Akitaka kuniambia jambo hapazi sauti. Anaacha anachofanya, anakuja mpaka nilipokaa, anavuta pumzi.