Jumatano ya Bi Suruali

Harufu ya ukumbi wa sinema siku ya Jumatano sijaikuta mahali pengine popote. Ilikuwa asmini iliyosukwa nyweleni, udi uliofukizwa kwenye nguo tangu asubuhi, njugu za kukaanga, maziwa ya watoto wachanga, na jasho la wanawake mia tatu waliovua mabuibui na kuyalaza mapajani. Jumatano mchana ilikuwa zenana, yaani onyesho la wanawake peke yao. Mwanamume pekee aliyeruhusiwa kuwa chini ya dari lile ni yule mwendesha mtambo, naye alifungiwa kule juu katika kijumba chake, tukawa tunaiona mikono yake tu mkanda ukikatika. Nje ya ukumbi wanawake wale walitembea kimya, macho chini. Ndani walipiga mayowe, walimtukana adui wa picha kwa jina la mama yake, wakampa shujaa mawaidha ya nyumbani: geuka nyuma weye, huyo aja na kisu! Mimi nilikuwa na miaka tisa, mwaka mmoja hivi kabla ya uhuru, na sidhani nimewahi kuwa na raha kama ile.

Sisi tulikuwa watu wa Likoni, na hilo inafaa lieleweke mapema, maana mtu wa kisiwani na mtu wa Likoni hawakuona sinema moja hata wakikaa viti vilivyopakana. Wa kisiwani walikaa mpaka mwisho. Sisi tulikuwa na feri. Shangazi yangu Mwanaisha, dada wa baba, alikuwa na saa ndogo ya mkononi, na ikifika saa kumi na moja kasoro robo alisimama, apende asipende, kwa sababu ilibidi tuwe nyumbani kabla ya maghrib. Kama picha imekwisha, vyema. Kama haijesha, tuliondoka na nusu yake. Nyumbani kwetu kulikuwa na wasichana kadhaa waliojua mwanzo wa picha ishirini na wasijue hata katika picha mbili kati ya hizo kama wapenzi walioana.

Nazo picha zenyewe hazikuwa za kujivunia. Zile kubwa zenye waimbaji mashuhuri zilionyeshwa usiku kwa watu wa heshima. Zenana tulipewa makombo: picha za Kihindi za mapigano, za Misri zenye majini na taa, za Wazungu wa farasi na bastola, zote zimekwisha kuzunguka nusu ya dunia hata mkanda ukawa na mikwaruzo kama mvua inanyesha ndani ya jumba la mfalme. Majabali yalitikisika mtu akiyaegemea. Simba mmoja tulimwona zipu. Hatukujali. Kila Jumatatu mzee mmoja alivuka na mkokoteni wenye mabango, akipiga kengele kutoka gati la feri hadi sokoni, na sisi watoto tulimfuata tukigombania vikaratasi vyake vya rangi vyenye neno moja kubwa: INAKUJA. Nilikuwa navyo vingi chini ya godoro. Nilijua kinachokuja wiki ijayo, na wiki ya pili yake, na ningeweza kukuambia ni kipi kina treni na kipi kina joka.

Aliyenitia ugonjwa huu ni mama yangu. Kabla hajawa mjamzito, yeye ndiye aliyekuwa akivuka kila Jumatano na kurudi kumsimulia Nyanya, mama yake mzazi, aliyekuwa na miguu mibovu na hajavuka maji kwa miaka. Mama hakujua Kiingereza ila alijua kutambua herufi, na kwenye mabango aliona kwamba jina la mwigizaji mkubwa daima hutanguliwa na neno moja la Kiingereza, ambalo kinywani mwake lilikuwa “stelingi”. Akaamua ni cheo, kama vile Sheikh au Sharifu. Mwenye cheo hicho, alitufundisha, ana kinga. Atapigwa, atafungwa, atatupwa kisimani, lakini hafi. “Stelingi hafi,” alikuwa akisema, na alilisema hata ugali ukiungua. Wavulana wa mtaani nao walilisema, sijui nani aliiba kwa nani.

Mwaka huo mimba ya mama ilimletea taabu. Miguu ilimvimba, kichwa kikamwanga, na daktari wa hospitali ya kisiwani akaamuru alazwe wodini mpaka ajifungue. Nyanya alikubali kwa shingo upande. Dada yake Nyanya alikwenda kujifungua huko zamani, akarudishwa Likoni amefunikwa shuka. Kwa hiyo kila Jumatano Shangazi alivuka na chakula, nami nikaandamana naye. Watoto hawakuruhusiwa wodini, nikawa nangoja kwenye ngazi za hospitali na kikapu kitupu, kisha Shangazi, kwa kunionea huruma, ananipeleka zenana. Hivyo tulirudi nyumbani na habari mbili. Ya mama ilikuwa ya Shangazi, nayo ilikuwa fupi: hajambo, kala, awasalimu. Ya sinema ilikuwa yangu, nayo ilichukua muda wa kupika wali na mchuzi.

Majuma hayo ilikuwa ikionyeshwa picha ndefu iliyokatwa vipande, kipande kimoja kila wiki. Shujaa wake alikuwa mwanamke aliyevaa suruali, akaruka juu ya mabehewa ya treni, akawapiga wanaume sita kwa bakora bila kupumua. Wanawake wa Likoni walimwita Bi Suruali. Nyanya aliposikia habari ya suruali siku ya kwanza alisema astaghfirullahi mara tatu. Wiki ya pili aliuliza kama yule mwanamke ana mama. Wiki ya tatu alikuwa akimwita “binti yangu”, na akawa ananiuliza habari zake kwa neno hilo hilo alilomwitia mama. Sote tulizoea. Hakuna aliyeona hatari ndani yake.

Basi ikaja ile Jumatano. Shangazi alitoka wodini macho mekundu. Nilipomuuliza, alisema miguu ya mama imezidi kuvimba, lakini hajambo, na nisimweleze Nyanya. Njia nzima hakusema tena. Ukumbini nako mambo yakaharibika. Mkanda wetu ulikuwa wa kugawana na ukumbi mwingine, ukiletwa na mtu wa baiskeli kipande kwa kipande, na siku hiyo baiskeli ilipata pancha. Tulikaa nusu saa taa zimewashwa, wanawake wakiimba na kupiga vigelegele vya kumkejeli mwendesha mtambo. Kipande cha mwisho cha siku hiyo kilipoanza, saa ya Shangazi ilikuwa imekwisha kufika. Bi Suruali alikuwa juu ya daraja la kamba, moto huku na moto huku, na mto chini. Kamba ikakatika. Akaanguka. Nikaganda kitini.

“Riziki, inuka.”

“Shangazi, ngoja kidogo tu.”

“Wangoja nini? Huyo keshakufa. Twende zetu!”

Akanivuta mkono. Alikuwa mtu mzima na mimi mtoto, na maneno yake niliyachukua kama yalivyo. Kwenye feri nilijificha uso nyuma ya kikapu nikamlilia Bi Suruali. Tuliposhuka Likoni, Shangazi aliingia dukani kununua sukari na majani ya chai, nami nikatangulia nyumbani. Nyanya alikuwa amekaa barazani, tasbihi mkononi. Aliona macho yangu.

“Riziki.”

“Abee, Nyanya.”

“Binti yangu yu hali gani?”

“Kafa, Nyanya,” nikasema. “Kaanguka, kafa.”

Sijui kama nitaweza kuieleza sauti aliyotoa. Tasbihi ilikatika, shanga zikatawanyika sakafuni, na kabla sijaelewa nimefanya nini, uwanja ulikuwa umejaa watu. Mama Kadzo, jirani yetu wa Kirabai, alikuja mbio na mikono ina unga. Wanawake walitoa viti nje wakatandika majamvi. Mmoja akabandika birika kubwa la kahawa. Wanaume wakaleta bao refu la kukalia, na nikasikia mzee mmoja akiuliza kwa sauti ya chini kama sanda ipo au inunuliwe. Nilipaza sauti kwamba aliyekufa ni Bi Suruali. Mama Kadzo alinikandamiza kifuani mwake. “Lia, mwanangu, lia,” akasema, na unga wake ukanijaa mdomoni.

Hapo Shangazi akatokea na sukari yake. Alisimama, akatazama majamvi, akauliza nani amekufa. Walimtazama kwa huruma, mmoja akampa pole ya wifi yake. Alipoelewa akapiga ukelele: “Hajafa! Wallahi nimemwacha sasa hivi akinywa uji!”

“Haya, mama, tumesikia,” wakamjibu taratibu.

Hapa ndipo msiba wetu ulipokaza fundo. Kwetu habari ya kifo haitolewi kwa pigo moja. Mtu aliyefiwa huambiwa kwanza mgonjwa wake hajambo, halafu kwamba amezidiwa kidogo, halafu kwamba wazee wanamhitaji nyumbani, na akifika anakuta kaburi linachimbwa. Kila mtu pale uwanjani alikuwa amewahi kudanganywa hivyo, na amewahi kudanganya. Kwa hiyo kadiri Shangazi alivyoapa ndivyo walivyozidi kuamini kwamba anaficha. Naye, kwa kutaka kuaminiwa, akakosea tena: “Yu hai, ila miguu tu imezidi kuvimba.” Wanawake walitazamana. Nyanya akajifunika kanga usoni.

Baba alikuwa akifanya kazi bandarini Kilindini. Alivuka na feri iliyofuata, na alipokaribia nyumbani mtu akamshika mkono, akamsindikiza mpaka kwenye lile bao. Hakukaa. Alimtazama dada yake. “Niambie kweli,” akasema. Shangazi alisema, “Yu hai, kaka,” huku analia, na kilio chake kikayamaliza maneno yake. Baba aligeuka akarudi feri, nusu anakimbia, kofia yake imebaki chini. Niliiokota.

Nilikwenda kukaa nyuma ya mtungi wa maji, kofia ya baba magotini, na huko ndiko woga wenyewe ulikonikuta. Mpaka wakati huo nilijua watu wamekosea. Sasa nilianza kufikiri. Shangazi alikuwa ametoka wodini na macho mekundu. Amenikataza kumwambia Nyanya. Amenivuta mkono akasema huyo keshakufa, tena hata hakuwa akitazama picha. Alikuwa akimsema nani? Labda watu wazima wote pale uwanjani wamejua jambo ambalo mimi peke yangu sikulielewa, na kinywa changu kimesema kweli bila mimi kujua. Nilimwomba Mungu anisamehe sinema zote nilizoona. Nilimwahidi vikaratasi vyangu vyote. Nilikuwa nataka mama awe hai, na sikuwa na kitu kingine cha kutoa.

Mwangaza ulikuwa unakwisha Baba aliporudi. Alisimama mlangoni pa uwanja akihema. Uso wake ulikuwa umelowa, nami sikuweza kusoma kama ni jasho au ni nini.

“Yu hai,” akasema. “Nimemwona kwa macho yangu.”

Nyanya aliteremsha kanga. “Apa.”

“Wallahi, mama. Nilipomweleza alicheka mpaka nesi akamfokea.”

“Waniliwaza. Kasema nini?”

Baba alijikuna kichwa. Yeye hakuwa mtu wa sinema. “Kanipa neno nikuletee, mimi silijui maana yake. Kasema: mwambie mama, stelingi hafi.”

Nyanya alianza kucheka na kulia kwa pamoja, mabega yote yakitikisika. “Ndiye,” akasema. “Ndiye mwenyewe. Hakuna mtu wa kutunga upuuzi huo isipokuwa mwanangu.” Mama Kadzo akapiga kigelegele cha kwanza, wengine wakamfuata, na ile kahawa ya msiba ikanywewa kwa kelele na haluwa iliyotoka sijui nyumba gani. Nilitoka nyuma ya mtungi. Nilitaka kulala palepale chini.

“Riziki!”

“Abee, Nyanya.”

“Nani kakwambia kafa?”

Nilimwonyesha Shangazi kwa kidole. Uwanja mzima ukamgeukia, naye akaketi juu ya pakiti yake ya sukari na kusema kwamba hatarudi sinema mpaka kiama. Alirudi baada ya wiki tatu, na picha ya Bi Suruali ilikuwa imekwisha kuondoka ukumbini. Mama alijifungua salama kabla ya hapo, mtoto wa kiume mwenye sauti kubwa, na alivuka nyumbani akiwa amekonda, miguu yake imerudi kuwa miguu. Baba alitaka mtoto aitwe jina la babu yake, akaitwa hivyo, lakini Likoni nzima mpaka leo inamwita Stelingi. Sasa ni mstaafu, ana kitambi, na bado hajapigana na mtu.

Siku hizi nakaa Shanzu kwa mwanangu. Mjukuu wangu ana ugonjwa wangu ule ule, ila dawa yake iko mfukoni: simu inamweleza picha itakayotoka mwaka ujao, nani ataigiza, hata vipande vyake anavionja kabla. Anapenda zile za ovyo ovyo, za Kikorea za maiti wanaotembea, na za Lagos ambazo majini wake ni binadamu waliopakwa unga, na tunacheka naye sofani mchana kutwa. Mimi simwonei wivu kwa lolote isipokuwa moja. Jumatano ile, simu yake ingepigwa wodini mara moja na mama angejibu mwenyewe, na tasbihi ya Nyanya isingekatika. Wanaosema zamani kulikuwa bora, mimi huwaacha waseme.

Juzi aliniuliza jina la picha ya Bi Suruali. Anasema hata sinema zilizosahauliwa kabisa watu wanaziokota na kuziweka mtandaoni, na kwa dakika chache angenionyesha kama yule mwanamke aliuvuka ule mto. Kidole kilikuwa tayari juu ya kioo. Nilimwambia aache. Mama aliishi miaka arobaini na minne baada ya siku ile, akazaa tena wawili, akanizikia mume wangu, akanisuka nywele mpaka vidole vilipokataa. Niliyemwombea nyuma ya ule mtungi hakuwa Bi Suruali, alikuwa mama, na mwisho wake naujua.