Fundi rangi aliyejipandishia bei ya nyumba

Saa tatu asubuhi, Bi Brashi yuko juu ya ngazi, shingo kaikunja nyuma, anapaka dari la chumba cha kusubiria wagonjwa. Matone meupe yanamdondokea kwenye kitambaa cha kichwa. Mkono unakwenda na kurudi bila haraka, ila mdomo hautulii.

"Riba isiyobadilika. Riba inayobadilika," anasema, kama mtoto anayekariri somo. "Isiyobadilika naielewa, imekaa. Hii nyingine anaibadilisha nani, na mimi nitakuwa wapi?"

Mwandishi wa makala haya, aliyekuja kuandika habari za wanawake mafundi, anajaribu kumfafanulia. Anaanza vizuri, kwa kujiamini kabisa. Muda si mrefu anajikuta naye hajui amefika wapi, na fundi anamtazama kwa huruma kutoka juu.

"Basi, mwanangu, acha," anamwambia. "Wewe nishikie ngazi tu."

Ana miaka arobaini na sita, na karibu nusu ya hiyo ameimaliza akipaka nyumba za watu. Jina la Bi Brashi alibandikwa na mafundi wenzake, naye akalizoea. Kwake mwenyewe ni mpangaji: vyumba viwili, jiko na ua, anakoishi na mumewe, mpishi wa bweni la chuo, pamoja na mama yake mzazi ambaye magoti yamemgomea.

Miezi miwili iliyopita mwenye nyumba, dereva mstaafu ambaye wote humwita Babu, alimwita uani akamwambia anauza, anahamia kwa binti yake. Jirani mwenye duka alikuwa ameshaitaka nyumba hiyo aivunje apate ghala. Lakini Babu alimpa fundi nafasi ya kwanza, miezi mitatu, akishindwa apewe mwenye duka. Wakakubaliana bei kwa mdomo na kupeana mkono.

Akiba yake ya miaka sita ilitosha kabisa sehemu ya kumi ya bei, ambayo benki huiita malipo ya awali. Iliyobaki ingekuwa mkopo wa miaka kumi na mitano. Hapo ndipo kizungumkuti kilipoanza.

"Dada wa mikopo alinipokea vizuri, hana kosa," anasema. "Akaniambia nyumba itawekwa rehani. Nikamwambia, dada yangu, rehani naijua, mama aliwahi kuweka cherehani yake kwa mtu. Lakini cherehani ilikuwa yake. Mimi nyumba sina, ndiyo kwanza naitafuta. Nitawekaje rehani kitu nisichonacho?"

Akajibiwa kwamba nyumba ileile anayoinunua ndiyo dhamana ya mkopo wa kuinunulia. Itaandikwa jina lake, ila hati itakaa benki mpaka deni liishe.

"Nikauliza, sasa ni yangu au yenu? Akasema yako. Nikasema haya, naomba hati. Akasema hapana." Anacheka mpaka ngazi inatikisika. "Nimerudi nyumbani, mume wangu ananiuliza, umeelewa? Nikamwambia nimeelewa sana, kaulize na wewe."

Mume akaenda. Alirudi na maneno mengine mawili mapya na kichwa kinamuuma.

Kisha likaja suala la mthamini, yule mtu anayetumwa na benki kukadiria nyumba ina thamani gani kabla mkopo haujatoka. Mwingine angefagia ua akangoja. Bi Brashi aliposikia mtu wa benki anakuja kuiangalia nyumba, alichoelewa ni kwamba anakuja kumwangalia yeye, kama ni mtu wa kukabidhiwa nyumba.

"Mimi ni fundi, ninajulikana. Mgeni aje akute kwangu ukuta umebanduka? Uso wangu ningeuweka wapi?"

Basi hakwenda kazini siku tatu. Aliziba nyufa, akapiga msasa, akapaka ndani na nje mara mbili, akabadilisha mlango wa jiko, akasakafia ua. Mama yake alimuuliza mbona anaipamba nyumba ya mtu kabla hajaichukua. "Nikamwambia, mama, haya mambo ya benki wewe huyajui."

Mthamini alikuja, akapima, akasifu, akaondoka. Kadirio lake likazidi bei waliyopatana kwa sehemu ya tano nzima. Bi Brashi akadhani amefaulu mtihani. Kwa furaha akaenda kumweleza Babu, kwa mdomo wake mwenyewe, hakutumwa na mtu.

Babu akaja, akaizunguka nyumba, akapapasa ukuta. "Kumbe nilikuwa nakupa bure," akasema. Bei ikapanda siku ileile.

Benki hawakumficha. Kwa bei mpya akiba yake haikufika sehemu ya kumi, na mshahara wa mume ukijumlishwa na vibarua vyake usingebeba marejesho ya kila mwezi.

"Nilijipalia makaa," anasema, na kwa mara ya kwanza brashi inasimama. "Rangi nimenunua mimi, mkono ni wangu. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama mama. Wenzangu wakanitania, kaikwangue basi. Wao walikuwa wanacheka, mimi nilikichukua kweli kikwangulio, nikasimama nacho ukutani. Nikashindwa. Kazi ilikuwa safi."

Wiki iliyopita alimwomba Babu waende wote benki, angalau aelezwe na wenyewe kwa nini mpangaji wake ameshindwa. Babu alikwenda na moyo mweupe kabisa. Dada wa mikopo akaanza kueleza, mzee akamkatiza.

"Binti, hiyo nyongeza si mnaitoa ninyi?"

Alidhani hivyo tangu mwanzo. Benki ndiyo iliyomtuma mtu wa kupima, benki ndiyo iliyotaja thamani, basi benki ndiyo yenye kulipa. Yeye aliona anawaongezea bei wenye nazo.

Dada akamweleza kwamba benki itatoa, ndiyo, lakini huyu mama atarudisha yote, na riba juu yake, kwa miaka kumi na mitano.

Babu akamgeukia mpangaji wake. "Yaani rangi umepaka wewe, mimi nikakuuzia rangi yako, halafu unailipa mpaka nimeshazikwa?"

"Ndivyo walivyonielewesha, Babu."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani wewe unajua. Mimi mwenyewe sijui."

Mzee akaomba bei ya kwanza iandikwe palepale, kabla hajatokea mtu mwingine wa kumwelewesha.

Jumatatu wanakwenda kusaini. Bi Brashi amechagua riba isiyobadilika. Ile nyingine ameiachia wanaoielewa, na mwandishi hakujitolea kuwa mmoja wao. Fundi anashuka ngazi, anaisogeza, anapanda tena.

Alipoulizwa kitu cha kwanza atakachofanya akishasaini, hakutaja rangi wala fanicha.

"Tangu nizaliwe tumehama nyumba sijui ngapi, na mama hajawahi kupigilia msumari. Anasema ukuta wa mtu hautobolewi. Picha ya baba ameiweka sandukuni miaka yote, imelala kifudifudi," anasema. "Jumatatu nikitoka benki napitia dukani, nanunua msumari mmoja. Nyundo nitampa yeye."