Mtoto wa Tano wa Kambi Kahin

Watu wa kamati wameniletea karatasi. Wanataka kusimamisha kibao barabarani, kiandikwe historia ya Kambi Kahin na idadi ya wakazi wake, ili mpita njia ajue. Mpita njia gani? Kambi yenyewe ukikohoa nyumba ya kwanza, nyumba ya mwisho wanakuambia pole. Lakini wamesema mimi Asho ndiye mkongwe aliyebaki, basi nitawapa historia yao, na wasinilaumu ikikataa kuenea kwenye kibao.

Babu yangu Kahin alipigana vita vya Mwingereza, akapewa kipande cha ardhi kavu kaskazini ya mji wa Isiolo. Akajenga nyumba ya mabati, nduguze wakajenga ubavuni. Mwaka wa sitini na mbili tulikuwa watu arobaini na watano kwa hesabu ya serikali. Kwa hesabu ya kweli tulikuwa arobaini na sita. Huyo mmoja ndiye historia yote. Mengine ni mbuzi na vumbi.

Mama yangu alikuwa Isnino, binti Kahin, mjane wa dereva wa lori aliyeitwa Jama. Kila asubuhi alibeba maziwa ya ngamia mpaka Bulla Pesa, mtaa wa mjini, akayauza huku amenuna, na watu wakanunua kwa sababu hakuyatia maji. Hakuogopa askari wala fisi. Aliogopa kitu kimoja tu: watoto wake kuhesabiwa. Kwetu mtoto hahesabiwi kwa mdomo wala kwa kidole, maana anayehesabu anaita jicho la husuda. Wengi waliishika mila hiyo kwa mazoea. Mama alikuwa na sababu. Alianza kwa kuzaa wavulana watatu, na siku moja mgeni akinywa chai akawanyooshea kidole: mmoja, wawili, watatu. Hata mashallah hakusema. Mwezi haukuisha, surua ikachukua wawili. Akabaki Abdisalan. Sisi wasichana wanne tulikuja baadaye.

Basi mwaka huo wa sitini na mbili akaja karani wa kuhesabu watu, Murithi, mtu wa Meru, na daftari lake kwapani.

"Habari, mama. Watoto ngapi kwa hii nyumba?"

"Wanne. Wote wasichana."

Abdisalan, kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa pale pale akifunga mbuzi. Karani akamwelekezea kalamu. "Na huyu?"

"Huyu ni ya jirani."

Karani akaandika. Nilikuwa na miaka minane na nilielewa vizuri sana. Sisi tulitajwa kwa sababu jicho likituchukua si hasara kubwa. Yule wa thamani akafichwa. Nilimchukia mama siku hiyo, na sioni haya kusema.

Mwaka uliofuata vita vya shifta vikaanza, waasi waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia. Barabara zikawa za mabomu na doria, na kila mwenye pua ndefu kama sisi Wasomali akawa adui mpaka athibitishe vinginevyo. Mwaka wa sitini na sita tukaamriwa kuingia ndani ya waya, yaani kambi ya seng'enge iliyolindwa na askari, pamoja na vijiji vingine vidogo. Kabla ya kuingizwa tulikalishwa juani, karibu na uwanja wa ndege, kila nyumba mahali pake. Afisa mmoja akasimama mbele, na Murithi akaitwa na daftari lake lile lile asome.

"Nyumba ya Isnino. Watoto wanne, wote wa kike. Mwanaume hakuna."

Afisa akamtazama Abdisalan, ambaye sasa alikuwa na ndevu. "Huyu ametoka wapi?"

"Ni mtoto yangu," mama akasema. "Kifungua mimba yangu, wallahi."

"Karani?"

"Mimi niliandika vile huyu mama alisema, afande. Alisema huyu ni ya jirani."

"Jirani gani?"

Jirani hakuwapo. Afisa akacheka bila furaha. "Basi huyu umemtoa msituni, umemleta hapa umfiche."

Hapo mama akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alisimama, akanyoosha kidole, akatuhesabu kwa sauti mbele ya watu wote, mmoja baada ya mwingine, akianzia kwa Abdisalan na kuishia kwangu. "Watano! Niko na watoto watano! Hesabu wewe mwenyewe!"

Kisha akamwona Ntongai. Huyu, tuliyemwita Baba Kananu, alikuwa mfanyabiashara wa miraa kutoka Nyambene, mpangaji wetu wa miaka mitatu, na afisa alikuwa amemweka upande wa watu wa kuaminika.

"Baba Kananu, sema wewe. Chai yangu umekunywa. Magunia yako nani alikuwa anabeba? Si huyu?"

Wiki ile mashifta walikuwa wamemchoma ndugu yake Ntongai ndani ya lori. Najua. Alikuwa na haki ya kulia. Alimtazama Abdisalan, kijana aliyekuwa akimwita baba, halafu akatazama chini.

"Wasomali ni wengi, afande. Mimi siwezi jua kila mtu."

Walimpandisha Abdisalan kwenye lori. Hakupiga kelele, alimwambia mama afungue mbuzi, wasife na kiu. Hatukumwona tena, wala hatukuonyeshwa kaburi.

Nilimwambia mama usoni, ndani ya waya, nikiwa na miaka kumi na miwili: "Wewe ndiye umemuua." Hakunipiga. Tulikaa miaka mitatu tukizungumza habari za maji na maziwa tu. Tulipotolewa ndani ya waya, Ntongai akaja nyumbani kuchukua vitu vyake, na mama alikivunja mlangoni kikombe alichozoea kumpa chai, akamwacha aruke vigae. Nilifurahi. Murithi naye nilimwombea mabaya ambayo siyaandiki hapa.

Mwaka wa sitini na tisa, vita vimekwisha nasi tumerudi kwenye mabati yetu, akaja karani mwingine, kijana asiyejua lolote. Mama alikuwa amekaa karibu na jiko. Mimi nilikuwa nimeinama nikimimina chai.

"Watoto wangapi, mama?"

"Wanne," akasema. "Andika Abdisalan wa kwanza." Kisha akawataja dada zangu watatu, polepole, akingoja kila jina liandikwe.

Nikangoja langu. Halikuja. Karani akanielekezea kalamu.

"Na huyu?"

Mama hakunitazama. "Huyu ni ya jirani. Amekuja kuomba moto."

Safari hii aliyefichwa jicho nilikuwa mimi. Nilitaka kumpigia kelele kwamba hajajifunza kitu, kwamba jicho halikuwahi kumuua mtu kama lile daftari. Badala yake niliiweka chini birika, nikachukua makaa mawili kwa koleo na kutoka nje, kama mtoto wa jirani. Nilisimama nyuma ya nyumba nikilia mpaka karani akaondoka, na makaa yakazimika kwenye koleo mkononi mwangu.