Nani Tena Amekufa

Nilinyolewa peke yangu. Kwetu mtu akifa watu wa nyumba hunyolewa pamoja, asubuhi moja, wembe ukitoka kichwa hiki kwenda kile, na nywele zikiota zinaota pamoja, hivyo hakuna anayeulizwa kitu. Mimi nilifika kwetu Nyanungu kutoka Uarabuni mama akiwa ameshazikwa miezi mingi. Kaka yangu alikuwa na nywele. Shangazi alikuwa amesuka. Kaburi lilikuwa limeota nyasi, na baba alikuwa ameliziba kwa miiba ili ndama wa jirani wasilikanyage. Shangazi aliniketisha kwenye kigoda nje ya nyumba, akanilowesha kichwa kwa maji ya sabuni, akaninyoa. Alipomaliza akasema, "Haya, na wewe sasa umelia."

Sikuwa nimelia. Anayekuja kwenye msiba wa mzazi hulia tangu njiani, watu wamsikie kabla hawajamwona. Siku niliyofika, tulipokaribia mji wetu, kaka alipunguza mwendo wa pikipiki akaniambia, "Unaweza kuanza hapa." Sauti haikutoka. Nilishuka na begi langu la magurudumu, magurudumu yakakwama kwenye mavi ya ng'ombe, na wanawake waliokuwa wamesimama wakisubiri nilie wakaishia kunisaidia kulibeba.

Tangu siku ile niliyonyolewa, kila nilipopita, sokoni, kisimani, kanisani, swali lilikuwa moja. "Nani tena amekufa?" Walisema "tena" kwa sababu msiba wa mama kwao ulikuwa umekwisha. Nikijibu "Mama," walihesabu miezi kichwani, kisha wakasema pole kwa sauti ya mtu anayelipa deni mara ya pili.

Kule nilikuwa mfanyakazi wa ndani. Siku kaka aliponipigia simu, nilikwenda kumwambia mama mwenye nyumba. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa maji, akaniambia nikae. Kisha akauliza, "Wanamzika lini?" Nikamwambia kesho kutwa. Akasema, "Basi hutamkuta." Ilikuwa kweli. Mazishi niliyaona kwenye simu, nimejifungia bafuni, picha ikikatika kila walipoanza kuimba. Kila nilipoomba kuondoka aliniambia nisubiri apatikane mwingine. Pasipoti alikuwa nayo yeye. Alipopatikana huyo mwingine, nikamfundisha kazi, nikaachiwa, mkataba ukiwa bado haujaisha.

Nilimkuta baba amekonda. Mkanda wake ulikuwa na tundu jipya alilolitoboa kwa msumari. Mwanamume wa umri wake, kwetu, haingii jikoni. Hata mama alipokuwa mgonjwa, alikuwa akikaa kwenye kigoda chake mlangoni mpaka mtu ampe sahani. Baada ya mama kufa sahani ilitoka kwa jirani. Siku nyingine jirani alisahau, na baba hakuwa mtu wa kukumbusha. Ng'ombe walikuwa wamekwisha, wengine hospitalini, wengine msibani. Shamba lingetutosha sisi wawili kama mvua ingekuja, na haikuja vizuri.

Kwa hiyo nilihitaji kazi, na iwe ya karibu. Yule dalali wa Dar aliyenipeleka Uarabuni alikuwa bado ananipigia, anasema nafasi ipo, niseme tu. Nilijua maana yake. Nisipopata kazi huku, nitarudi kule, na baba atarudi kusubiri sahani.

Habari ya kazi ilitoka kwa wifi yangu, mke wa kaka. Wanaishi Nyamongo, na yeye ana saluni pale, kibanda cha bati chenye vioo viwili, na saluni ndiyo inayojua kila kitu. Kambi moja ya watalii upande wa Serengeti ilikuwa inatafuta wasaidizi wa jikoni. Unakaa kambini wiki kadhaa, unapewa mapumziko nyumbani. Nilipiga picha kichwani: ningemlipa msichana ampikie baba, na mimi ningemwona kila mapumziko. Niliomba, wakaniita kwenye usaili Mugumu.

Wifi akasema lazima nifanye mazoezi. Nimesoma mpaka darasa la saba na sijawahi kusailiwa. Kule waliniangalia meno na mikono tu. Aliniketisha katikati ya wateja wake.

"Sasa mimi ni bosi," akasema.

"Bosi gani ana chanuo?" akauliza mteja mmoja aliyekuwa chini ya draya.

"Nyamaza wewe, utaungua masikio. Haya, dada, jieleze."

Nikasema mimi ni binti wa fulani, mjukuu wa fulani, ukoo wetu ni huu, tumetoka Nyanungu.

"Ukoo wa nini? Wanataka kukuajiri, hawataki kukuoa."

Saluni nzima ikacheka. Na mimi nilicheka, lakini sikuelewa. Mtu akikuuliza wewe ni nani, kuna jibu gani jingine?

"Jisifu," akasema wifi. "Unapika?"

"Napika."

"Unapika vipi?"

"Wanakula."

"Mungu wangu. Sema una uzoefu mkubwa wa mapishi ya kimataifa. Na unitazame usoni. Unatazama nini huko chini, umedondosha nini?"

Nilikuwa nimetazama chini miaka yote ile. Kule kumtazama mwenye nyumba usoni ni kiburi, na hapa kwetu mwenye msiba hakodolei watu macho. Shingo ilikuwa imezoea. Nilimtazama wifi mpaka machozi yakanitoka, na yule wa draya akasema hapo sasa nimezidisha, bosi atadhani nampenda.

Kisha wifi akauliza, "Kwa nini uliacha kazi Uarabuni?"

"Mama alikufa."

Akaweka chanuo chini. "Wifi yangu. Ukipeleka msiba kwenye intavyuu, wanakupa pole halafu wanamwita mwenzako. Sema mkataba uliisha."

"Haukuisha."

"Nani atawaambia? Ngamia?"

Hakuna aliyecheka sana safari hiyo. Alinirudisha kwenye swali hilo mara nyingi kuliko maswali mengine, mpaka jibu likatoka bila kukwama: mkataba wangu uliisha, nikaona nije nitumie uzoefu wangu nyumbani. Nilipolisema vizuri alinipigia makofi. Mimi nilihisi kama nimemzika mama mara ya pili, na mara hii pia sikuwepo.

"Sasa hicho kichwa," akasema. "Watadhani umetoka jela." Akanichagulia wigi fupi lenye njia pembeni. Kwenye kioo nilimwona mwanamke mwingine, mwenye mambo yake sawa. Nilimtazama kwa muda.

Kaka alinipeleka Mugumu kwa pikipiki yake, maana ndiyo kazi yake. Wigi nililiweka kwenye mfuko wa plastiki lisipeperuke. Tulivuka daraja la mto Mara, na tulipofika Kenyamonta akasimama kukaza mnyororo. Madereva wa pikipiki waliokuwa pale wakatutazama, mmoja akamwita kaka kama vijana wa Kikurya wanavyoitana, "Mura, msiba wa wapi?" Kaka akajibu kwamba tunakwenda kwenye kazi, siyo msiba. Akanigeuzia kioo cha pikipiki nivae wigi. Akalinyoosha kwa kidole cheusi cha grisi, akasema, "Mama angekucheka." Hilo ndilo neno pekee tulilosema juu yake safari nzima.

Waliosaili walikuwa watatu: meneja, binti wa utumishi, na mpishi mkuu, mama mtu mzima aliyekaa pembeni mikono ameikunja. Niliwaamkia. Nilitazama usoni. Walipouliza kwa nini nilirudi, jibu likatoka kama nilivyofundishwa, na meneja akatikisa kichwa kukubali. Nakumbuka nilivyofurahi. Niliona kabisa begi langu la magurudumu likikaa juu ya kabati la baba bila kushushwa tena.

Halafu wakatupeleka waombaji wote jikoni kwa majaribio ya vitendo. Mpishi mkuu akasimama mbele yetu akasema, "Jikoni kwangu hakuna kucha za kubandika, hakuna wigi. Vueni, vaeni kofia."

Wenzangu wakavua huku wakitaniana. Chini ya mawigi yao kulikuwa na twende kilioni, ule msuko wa haraka. Mimi sikuwa na msuko. Nilivua nikabaki na kilio chenyewe.

Mpishi alinikaribia akaniuliza kwa Kikurya, taratibu, nani amekufa. Sikuwa nimetegemea kusikia lugha ya kwetu mle ndani. Nikamwambia ni mama. Akauliza ni wiki hii? Nikasema hapana, ni muda, lakini mimi nilichelewa. Hakuuliza zaidi. Kila Mkurya anajua maana ya mtu kunyolewa peke yake. Akanipa vitunguu nikate, nikavikata vizuri, na kwa kuwa ni vitunguu hakuna aliyenishangaa.

Tuliporudi kwa meneja nilikuwa na wigi mkononi. Akauliza kama naumwa. Mpishi akasema, "Amefiwa na mama yake akiwa Uarabuni. Hakumzika." Naamini alitaka kunisaidia.

Meneja akatazama karatasi zake. "Pole sana. Lakini ulituambia mkataba uliisha."

Ningeweza kusema yote mawili yalitokea pamoja. Wifi angeweza. "Haukuisha," nikasema. "Niliondoka."

"Kwa hiyo uliacha kazi."

"Ndiyo."

Hakukasirika. Aliegemea kiti akafikiri, kisha akauliza swali ambalo hatukulifanyia mazoezi saluni. "Wazazi wote wamekwenda?"

"Baba yupo."

"Kambi iko mbali, dada. Kuna siku gari halipo, wageni wamejaa. Tuseme umepigiwa simu kuhusu baba, na sisi tumekwambia subiri. Utafanya nini?"

Nilimtazama usoni kama nilivyofundishwa. Nilijua jibu analolitaka, na nilijua kwamba jibu hilo ndilo lingeniweka karibu na baba, na jingine lingenipeleka mbali naye. Nililijua hilo wazi kabisa nikiwa nimekaa pale. Mdomo ukasema, "Nitaondoka."

Binti wa utumishi akaandika. Mpishi akatazama mikono yake. Meneja akasema asante kwa ukweli wako, tutakupigia.

Wifi aliposikia alikaa chini. "Ungesema utasubiri. Kila mtu anasema atasubiri."

"Nilishasubiri," nikamwambia.

Alichukua wigi, akalivisha kwenye kile kichwa cha plastiki, akaanza kulichana.

Baba alikuwa kigodani nilipofika nyumbani. Huwa ananiita mama, kwa kuwa nimechukua jina la mama yake. "Mama, wamekuuliza nini?"

"Wameuliza wewe ukifa kama nitaacha kazi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nitaacha."

Alivuta ugoro, akapiga chafya, akajifuta. "Ungesema hutaacha. Nikishakufa sitakuja kukuuliza."

Alisema kama utani. Nilisubiri acheke, hakucheka.

Hawakupiga. Nilikwenda na simu shambani, nikaenda nayo kisimani, nikaipeleka dukani ichajiwe nikakaa pale pale mpaka ijae. Niliomba tena kwingine, kwenye mabanda ya chakula Nyamongo, kwenye nyumba ya wageni Tarime mjini. Kwingine walitaka cheti, kwingine walitaka msichana mdogo. Nywele zikaanza kuota. Zilipofika urefu wa kusukwa watu waliacha kuniuliza nani tena amekufa, na nilishangaa kuona nalitamani lile swali, kwa sababu sasa hakuna mtu aliyekuwa anamtaja mama tena, hata kwa kukosea.

Dalali alipopiga tena nikamwambia andika jina langu. Nilimwambia baba jioni ile ile, kwa maneno machache. Akasema sawa. Akauliza kama kule bado kuna joto.

Siku iliyofuata nilirudi kutoka kisimani nikakuta kigoda cha mlangoni hakina mtu. Moshi mwingi ulikuwa unatoka jikoni. Nilitua ndoo, nikainama kuchungulia. Baba alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, kofia yake kichwani, mwiko ameushika katikati kama anavyoshika fimbo ya ng'ombe. Chunguni maji yalikuwa yanachemka, unga wa mtama na muhogo umeelea juu kwa mabonge. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi.

Nilitaka kumwambia atoke, watu wasimwone. Kwetu mwanamume akionekana pale, maneno yatamfuata mpaka kaburini. Yeye hakugeuka.

"Funga mlango," akasema. "Halafu uje unionyeshe. Unga unatangulia, au maji?"

Nikafunga mlango. Nikachuchumaa karibu yake, nikauweka mkono wake chini zaidi kwenye mwiko.