Kopeki Tatu ya Werugha

Safu yangu ya sarafu za shaba za Urusi, zile za enzi za wafalme wao, ilibakiza pengo moja tu: kopeki tatu. Kwa mwingine hilo ni tundu kwenye kadibodi ya kupangia sarafu. Kwangu lilikuwa pengo la jino la mbele, ulimi haukutulia.

Ugonjwa huu niliupata shule ya jioni, nikisomea kidato cha nne pamoja na watu wenye wajukuu. Mwalimu wa jiografia alituambia Urusi ni kubwa, jua lenyewe huchoka kuivuka. Wiki hiyohiyo nikakuta kopeki moja mfukoni mwa koti la mtumba, hapa soko la Voi. Nikajua nimeitwa. Tangu hapo kila dereva anayepeleka watalii mbugani nimemsumbua awaulizie Warusi. Nyingine nikazipata kwa bei ya sahani ya wali. Lakini kopeki tatu, huko mtandaoni waliitajia bei ya ng'ombe wa maziwa, na zizi lake.

Ndipo dereva mmoja akanipa namba ya mama mjane wa Werugha, kule milimani. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa hoteli ya mbugani, na mgeni Mrusi alimwachia sarafu yenye namba tatu.

"Iko, mwanangu," mama akaniambia Jumatatu. "Njoo Jumamosi."

Jumanne nikapiga kuuliza kama iko. Jumatano, kama bado iko. Alhamisi akacheka. "Kwani ina miguu?"

Jumamosi ukungu wa Werugha ulikuwa wa kukupotezea ng'ombe uliyemshika kamba. Nilipewa chai, nikapewa viazi, na goti langu likitikisa meza nzima. Hatimaye akaleta kisahani kilichofunikwa kitambaa.

Akafunua. Ilikuwa inang'aa kama sufuria ya siku ya harusi.

"Nimeisugua kwa majivu na ndimu tangu jana," akasema. "Ilikuwa nyeusi, aibu. Mtu anapiga simu kila siku, nimpe kitu kichafu?"

Sasa, mkusanyaji wa sarafu haisugui hata kwa shati. Ule weusi ndio umri wake, na ndio thamani yake. Tai wa vichwa viwili aliyechongwa juu yake alikuwa amebaki na kimoja na nusu.

"Haijakupendeza?"

"Imependeza, mama."

"Mbona unaishika kama kifaranga mgonjwa?"

Nikamuuliza bei. Akanitazama kana kwamba nimetaka kununua paa la nyumba.

"Kitu cha marehemu nakuuziaje? Chukua tu. Yeye alikuwa akiisugua kila Krismasi, mpaka alipougua. Ikakaa hivyo hivyo. Sikutaka itoke hapa bila kuoshwa."

Nikaifunga kwenye leso, nikashuka nayo Voi, nikaitia kwenye tundu lake. Zote kahawia, hiyo moja inawaka kama taa ya stima.

Mwezi uliopita yule dereva alinipigia. Amepata kopeki tatu nyingine, nyeusi safi, tai mzima, bei ya kunifaa. Nilizunguka meza hadi chai ikapoa, kisha nikamwambia amtafute mtu mwingine, pengo limeshazibwa. Usingizi ulinikataa.

Desemba imeingia, na ile ya Werugha imeanza kushika weusi. Mkusanyaji mwenye akili angeshukuru. Mimi nimeshanunua ndimu, na majivu nimemwomba mchoma mahindi wa hapo barabarani.